Uji wa lishe kila asubuhi hautoshi: Namna ya kubadili kifungua kinywa cha mtoto

Babati. Katika nyumba nyingi za mjini Babati, swali la mtoto amekula nini asubuhi lina jibu moja: uji. Jumatatu uji, Jumanne uji, Jumapili baada ya ibada uji tena. Mzazi anayejali ananunua unga wa lishe wenye nafaka saba au kumi, anaukoroga mwepesi ili upite vizuri, anaongeza sukari, anaujaza kwenye chupa ya chai na kumwachia bibi au dada wa kazi aendelee kumnywesha mtoto hadi mchana.

Uji wenyewe hauna ubaya. Umelea vizazi na unaendelea kulea. Tatizo linaanza pale uji unapokuwa ndiyo chakula pekee cha asubuhi, siku zote, kwa mtoto ambaye tumbo lake ni dogo na mahitaji yake ni makubwa kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake.

Na hapa Babati jambo hili linauma zaidi, kwa sababu chakula cha kubadilisha kipo. Mbaazi zinalimwa pamoja na mahindi karibu kila upande wa wilaya. Mchele unatoka Magugu. Ziwa Babati lina perege na kambare. Maziwa, mayai, maboga, viazi, papai na parachichi vinapita sokoni. Lakini vingi kati ya hivyo hupita tu. Mbaazi zinauzwa, kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa akiwa India, na wakulima wanakumbuka bei ilivyoanguka mwaka 2017 nchi hiyo ilipoweka ukomo wa uagizaji. Mayai yanapangwa kwenye trei, maziwa yanapimwa kwenye ndoo. Kinachobaki nyumbani kwa ajili ya mtoto ni unga.

Ghala kujaa si dalili kwamba mtoto anakua. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa na Njombe, mikoa inayosifika kwa mavuno, ilikuwa na udumavu wa nusu ya watoto au zaidi. Anayelima sana anaweza kuwa na mtoto mwenye udumavu, ikiwa mtoto huyo anakula aina moja tu ya kile kinacholimwa.

<b>Nafaka kumi, kundi moja</b>

Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF hugawa vyakula vya mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika makundi manane: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi za kupika; jamii ya kunde, karanga na mbegu; maziwa ya wanyama na mazao yake; nyama, samaki na kuku; mayai; matunda na mbogamboga zenye vitamini A kwa wingi; kisha matunda na mbogamboga nyingine. Kwa siku nzima, mtoto apate angalau makundi matano kati ya hayo.

Mzazi ahesabu kwa vidole. Unga wenye mahindi, ulezi, mtama, ngano na mchele ni kidole kimoja tu, kwa sababu vyote vitano ni nafaka. Ukiwa na soya au karanga, ni vidole viwili. Akinyonya, vitatu. Yai moja la kuchemsha linafanya vinne. Kipande cha papai kinakamilisha vitano. Yai na papai vimefanya kazi ambayo nafaka nyingine tano zisingeweza kuifanya.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa umri huu unasema wazi kwamba vyakula vya wanga vipunguzwe, na kwamba nyama, samaki au mayai, pamoja na matunda na mbogamboga, viliwe kila siku. Pale vyakula vya asili ya wanyama vinapokuwa haba, jamii ya kunde iliwe mara kwa mara. Kwa Babati, jamii ya kunde maana yake ni mbaazi na maharage. Gramu 100 za mbaazi kavu zina takribani gramu 20 za protini, zaidi ya mara mbili ya zilizomo kwenye mahindi.

<b>Kwa nini asubuhi ina uzito wake</b>

Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma aliyoipata tumboni mwa mama. Akifika miezi sita, akiba hiyo huwa imepungua sana, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo. Kwa viwango vya Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji takribani miligramu 11 za chuma kwa siku, wakati mwanaume mzima anahitaji 8. Mtoto mwenye kilo nane anahitaji chuma nyingi kuliko baba yake.

Chuma hiyo haipatikani kwa urahisi kwenye uji mtupu, kwa sababu nafaka zina viambata vinavyozuia isifyonzwe mwilini. Zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania wenye miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vinachangia, lakini sahani nayo inachangia. Mtoto asiye na damu ya kutosha huchoka haraka, huchelewa kujifunza na huugua mara kwa mara.

Kuna na suala la ujazo. Tumbo la mtoto hubeba takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo nane hubeba karibu kikombe kimoja tu. Kikombe hicho kikijazwa uji mwepesi, kimejazwa maji. Mtoto anashiba, analala, lakini hajapata nguvu ya kutosha. Uji wa mtoto uwe mzito: ukiuchota kwa kijiko na kukiinamisha, usimiminike kama chai.

Mzazi anayeona uji mzito unamshinda mtoto anaweza kutumia kimea. Njia hii ilifanyiwa utafiti hapahapa Tanzania, na matokeo ya watafiti Mosha na Svanberg yalichapishwa mwaka 1983. Ulezi hulowekwa usiku kucha, hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu hadi uchipue, huanikwa juani ukauke kabisa, hupukuchwa vimizizi na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo, uji unalainika bila kuongezwa maji. Kisha urudishwe motoni uchemke tena. Ulezi ulioota ukungu utupwe, na mtama usitumike kwa njia hii kwa sababu machipukizi yake yana sumu.

<b>Uangalie unga wako</b>

Unga wa lishe wenye kila kitu ndani una kasoro tatu. Kwanza, soya mbichi ina viambata vinavyozuia protini isimeng'enywe. Lazima ichemshwe, ikaushwe na kukaangwa kabla ya kusagwa. Ikisagwa mbichi pamoja na mahindi, uji wa dakika kumi hauitoshi. Pili, karanga zina mafuta, na zikisagwa ndani ya unga wa kukaa mwezi mzima hupata harufu na kuuharibu. Ni salama zaidi kusaga karanga kidogo na kuziongeza wakati wa kupika.

Tatu ni sumukuvu, na hili watu wa Manyara hawahitaji kuambiwa kama hadithi. Mwaka 2016 mlipuko wa ugonjwa unaotokana na sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliwapata watu 68, na 20 kati yao walifariki. Ulihusishwa na mahindi yaliyokuwa yakiliwa majumbani. Sumukuvu hutokana na ukungu, hushambulia zaidi mahindi na karanga, na haiondoki kwa kuchemsha.

Kinga inaanza kabla ya mashine ya kusaga. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, si kwenye udongo. Yakauke vizuri kabla ya kuhifadhiwa. Yachambuliwe kwa mkono, na punje zilizooza, zilizobadilika rangi au kusinyaa zitolewe. Kukoboa nako hupunguza sumu. Punje hizo mbovu zisipewe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sehemu ya sumu hurudi kwenye maziwa anayokunywa mtoto.

Kubadili chakula nako ni kinga. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lililoitishwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliutaja mlo mchanganyiko miongoni mwa hatua zenye ushahidi wa kutosha za kupunguza madhara ya sumukuvu. Mtoto asiyekula mahindi na karanga kila siku hukutana na sumu hiyo mara chache zaidi.

<b>Asubuhi saba</b>

Mpangilio ufuatao unatumia vyakula vinavyopatikana Babati. Siku zinaweza kubadilishwa kulingana na kilichopo.

<b>Jumatatu:</b> Uji mzito wa ulezi uliopikwa kwa maziwa yaliyochemshwa, yai moja la kuchemsha lililopondwa, na papai.

<b>Jumanne:</b> Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, vilivyopondwa na kuchanganywa na mbaazi laini. Kwa mtoto wa chini ya miezi tisa, mbaazi zipitishwe kwenye chujio kuondoa maganda.

<b>Jumatano:</b> Mtori wa ndizi na nyama ya kusaga au maini. Kijiko kimoja au viwili vya maini mara moja kwa wiki vinatosha kwa mtoto mdogo.

<b>Alhamisi:</b> Mchele wa Magugu uliopikwa hadi ukalainika kama bokoboko, ukaongezwa kijiko cha dagaa waliosafishwa, wakakaushwa na kusagwa. Mpe na vipande vya chungwa vilivyotolewa mbegu. Vitamini C husaidia chuma kufyonzwa.

<b>Ijumaa:</b> Uji wa mahindi uliochanganywa na unga wa mbaazi, pamoja na parachichi lililopondwa.

<b>Jumamosi:</b> Viazi mviringo na perege wa kuchemsha. Samaki apapaswe kwa vidole hadi mzazi awe na uhakika hakuna mwiba uliobaki. Mchicha uliokatwa vidogo uingie dakika za mwisho.

<b>Jumapili:</b> Boga lililopondwa na maziwa mtindi. Aliyefikisha mwaka mmoja anaweza kula chapati laini yenye yai na boga ndani ya unga, akiishika mwenyewe.

Unga wa mbaazi unaandaliwa mara moja kwa wiki kadhaa: mbaazi huchambuliwa, hulowekwa usiku, huchemshwa hadi ziive, huanikwa zikauke kabisa na kusagwa. Kwa kuwa zimeshaiva, zinapikika ndani ya uji bila kumaliza mkaa wala gesi. Kwa mama anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, kopo moja la unga huo jikoni ni msaada mkubwa.

<b>Kila umri na kiasi chake</b>

Kabla ya miezi sita, mtoto anyonye tu. Hakuna uji wala maji. Miezi sita hadi minane, aanze na vijiko viwili au vitatu vya chakula kilichopondwa, mara mbili hadi tatu kwa siku, akiongezewa taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250. Miezi tisa hadi 11, nusu kikombe mara tatu au nne, chakula kikiwa na vipande laini anavyoweza kushika. Kuanzia mwaka mmoja hadi miwili, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara tatu au nne, pamoja na kitafunwa kimoja au viwili kama tunda. Muda wote huo kunyonya kunaendelea hadi miaka miwili au zaidi.

Chakula kipya kiingizwe kimoja kimoja, kwa siku mbili au tatu, ili kikimsumbua mtoto kijulikane.

<b>Akikataa, asilazimishwe</b>

Wazazi wengi hurudi kwenye uji kwa sababu mtoto alitema mbaazi siku ya kwanza. Kutema si kukataa moja kwa moja. Watoto wengi huhitaji kuonja chakula kipya mara nane, kumi au hata zaidi kabla ya kukizoea. Kijiko kimoja leo, kingine keshokutwa, bila kumshika pua wala kumlaza kwa nguvu. Kumnywesha mtoto anayelia kunaweza kumpalia, na kunamfanya achukie chakula.

Mtoto huiga. Akimwona kaka yake au baba yake anakula mbaazi, atanyoosha mkono. Asubuhi ambayo familia yote inakunywa chai na mandazi huku mtoto peke yake akipewa mbaazi, atataka mandazi.

<b>Vya kuepuka</b>

Chai, iwe ya rangi au ya maziwa, isiwe kinywaji cha mtoto mdogo. Huzuia chuma kufyonzwa. Sukari haihitajiki kwenye uji wa mtoto. Ndizi mbivu iliyopondwa inautia utamu wa kutosha. Asali asipewe aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vinavyomletea ugonjwa wa kupooza misuli. Karanga nzima, njugu na vipande vigumu vya karoti visipewe watoto wadogo, kwani vinaweza kuwakaba.

Maziwa ya ng'ombe yachemshwe, hata yakitoka kwa jirani anayeaminika. Maziwa mabichi yanaweza kuambukiza brusela na kifua kikuu. Na aliyevuka mwaka mmoja asijazwe maziwa hadi akose nafasi ya chakula. Vikombe viwili kwa siku vinatosha.

Mayai yaive kabisa. Imani kwamba mtoto akila mayai atachelewa kusema haina ukweli wowote.

Uji wa kwenye chupa ya chai nao utazamwe. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na uji wa vuguvugu ni mahali pazuri pa vimelea kuzaliana. Upikwe wa kutosha mlo mmoja, mtoto alishwe kwa kikombe na kijiko badala ya chupa ya chuchu, na mikono ioshwe kwa sabuni, ya mlishaji na ya mtoto.

<b>Nani anaamua</b>

Mara nyingi mama huambiwa abadilishe chakula wakati si yeye anayeshika pesa, au si yeye anayebaki na mtoto. Baba anayerudi na biskuti na juisi ya pakiti amejitahidi, lakini fedha hiyo ya wiki nzima inaweza kununua mayai kadhaa na mafungu ya dagaa. Mwenye kuku akubaliane na wenzake nyumbani kwamba trei haliendi sokoni hadi mayai matatu au manne ya mtoto yamewekwa pembeni. Mwenye ng'ombe apime la mtoto kwanza, ndipo amimine kwenye ndoo ya biashara. Anayevuna mbaazi abakize debe la nyumbani kabla ya mnunuzi kufika.

Bibi na dada wa kazi nao waelezwe, si kuachiwa chupa tu. Ratiba ya wiki ikibandikwa ukutani jikoni, kila anayemlisha mtoto anajua leo ni zamu ya nini.

<b>Wakati wa kwenda kituoni</b>

Kadi ya kliniki ndiyo shahidi. Mstari wa uzito ukilala au kushuka, mzazi asisubiri mwezi mwingine. Vilevile mtoto akivimba miguu yote miwili, akiwa na viganja vyeupe, akikataa kula kwa zaidi ya siku moja au mzingo wa mkono wake wa juu ukiwa chini ya sentimita 11.5, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kila halmashauri ina ofisa lishe, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kumpima mtoto nyumbani au kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Ushauri huo hutolewa bila malipo, na mzazi aende na swali hili: mtoto wangu wiki hii amekula makundi mangapi?